Mwanafunzi akisimamishwa na polisi: tumfundishe nini, na tumfundisheje?

*"Mimi ni mwalimu wa wanafunzi wa miaka 11 hadi 15. Mwezi uliopita mmoja wao, mwenye miaka 13, aliitwa na askari wawili akiwa njiani kutoka shuleni. Alipowaona akatoka mbio. Walimkamata, wakapekua mkoba wake wasikute kitu, lakini alikaa kituoni saa kadhaa na akatia saini karatasi ambayo hadi leo hajui iliandikwa nini. Sasa mkuu wa shule amenitaka niandae kipindi cha kuwafundisha watoto namna ya kuzungumza na polisi, na afisa mmoja amekubali kuja. Wazazi wamegawanyika. Wengine wanasema nikiwafundisha haki zao nitawatia jeuri, na jeuri itawaponza. Wengine wanataka niwaambie wasifungue mdomo kabisa mbele ya askari. Mimi mwenyewe sijui nisimame wapi. Nifundishe nini, kwa umri gani, na je, polisi wakija shuleni kumhoji mtoto, mimi nifanye nini?"*

Mwalimu, naomba nianze na ile karatasi, kwa sababu kipindi chako kinaweza kusubiri wiki mbili lakini karatasi haiwezi. Mtoto wa miaka 13 ametia saini maandishi asiyoyajua, kituoni, na kwa maelezo yako sioni kama mzazi alikuwepo. Huenda ni fomu tu ya kuthibitisha kwamba amerudishiwa mkoba wake. Huenda pia ni maelezo yanayosema amekiri jambo fulani. Mambo hayo mawili yako mbali mno kuachwa kwa kubahatisha. Mzazi wake amtafute wakili, au ofisi ya msaada wa kisheria kama hana uwezo wa kulipa, kisha waende kituoni kuuliza karatasi ile ni nini na waombe nakala. Safari ya kwanza wasiende na mtoto, asije akajikuta anahojiwa upya pale pale kaunta. Ongea na mzazi leo.

Sasa tuje kwenye swali lako.

Mimi ni wakili. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa kando ya watoto wanapohojiwa, na baadaye nikaanza kuingia madarasani, kwa sababu nilichoka kuitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Wazazi wa aina zote mbili unaowataja ninawafahamu vizuri, na nitakwambia ninachowaambia wao: kila upande una hoja, ila wanazungumzia mahali pawili tofauti. Anayeogopa jeuri anawaza barabarani. Anamwona mtoto wake akibishana na mtu mwenye silaha, gizani, bila shahidi. Hofu yake ni ya kweli. Anayetaka mtoto afunge mdomo anawaza chumba cha mahojiano, ambako neno moja la mtoto huandikwa, hutiwa saini na kusomwa mahakamani baada ya miezi sita. Hofu yake nayo ni ya kweli. Tatizo ni pale tunapochukua somo la mahali pamoja na kulipeleka kwa pengine. Mtoto anayenyamaza kama jiwe barabarani anaulizwa jina lake anaweza kujitafutia matatizo ambayo hayakuwepo. Na mtoto mtiifu, mchangamfu, anayejibu kila kitu kwa adabu, ndiye anayeumia zaidi chumbani.

Kwa hiyo usifundishe somo moja. Fundisha mawili, na uwaoneshe watoto mlango unaoyatenganisha.

Barabarani lengo ni moja: kila mtu arudi nyumbani salama. Mtoto hakuja kushinda kesi pale. Watoto wengi, na wazazi wengi, hawajawahi kulitazama tukio hili kutoka upande wa askari. Askari hajui huyu ni nani, ana nini mfukoni, anataka kufanya nini. Anachokiona ni mikono na mwendo. Mtoto akikimbia, yeye anakimbia kwa hofu, lakini askari anasoma hatia. Mtoto akiingiza mkono mfukoni ghafla kutoa kitambulisho, yeye anatii, lakini askari anaona mkono umepotea. Na hili la kukimbia halitibiwi kwa kusema "msikimbie". Sehemu ya ubongo inayopima matokeo huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20, wakati hofu huwa imeshakomaa zamani. Mwanafunzi wako hakukaa akafikiri ndipo akaamua kukimbia. Miguu ilitangulia. Kitakachoizuia ni mwili kuwa umeshafanya mazoezi ya kitu kingine.

Ndiyo maana nakuomba usitoe mhadhara. Weka viti kando, ufanye igizo. Darasa moja nililoliongoza, nilimwomba msichana mmoja apite katikati ya chumba, na mwenzake aliyekuwa "askari" akamwambia, "Simama, kitambulisho chako kiko wapi?" Mkono wa yule msichana ukazama ndani ya mkoba hata kabla swali halijaisha. Nikasema kila mtu abaki alivyo, kama sanamu. Nikawaambia darasa: mtazameni mkono. Hauonekani, umezama hadi kiwiko, na mabega yamejikunja. Kimya kikaingia, walikuwa wameliona wenyewe. Tukarudia. Mara ya pili alisimama, mikono wazi, akasema haraka haraka huku sauti ikitetemeka, "Kiko kwenye mkoba, mfuko wa mbele. Naomba nikitoe." Mara ya nne sauti ilikuwa imetulia na alingoja aambiwe "toa" kabla ya kujisogeza. Hayo yote yalichukua dakika kumi. Sina shaka kwamba yatabaki mwilini mwake kuliko maelezo yangu ya saa nzima.

Mambo mengine ya barabarani ni machache na yote yafanyiwe igizo. Asimame, mikono ionekane, asimguse askari. Ajibu jina lake na umri wake kwa sauti ya kawaida. Umri autaje hata asipoulizwa, kwa sababu kijana mrefu wa miaka 13 huchukuliwa kuwa na miaka 18, na ulinzi wote wa kisheria unaomhusu mtoto huanza pale anapojulikana kuwa mtoto. Asidanganye. Hapa watoto huchanganya sana: kukaa kimya na kusema uongo ni vitu viwili. Jina la uongo, hata la kumlinda rafiki, linaweza kugeuza jambo dogo kuwa kosa. Akitaka kujua kama amezuiliwa, aulize kwa upole, "Afande, naweza kwenda?" Akiambiwa ndiyo, aondoke akitembea.

Kuhusu upekuzi, mfundishe sentensi hii: "Sikubali kwa hiari yangu, lakini sitakuzuia." Ina nusu mbili na zote zinahitajika. Nusu ya kwanza inampa wakili kitu cha kushika baadaye, kwa sababu mahali pengi sheria hutofautisha upekuzi uliokubaliwa na uliofanywa bila idhini. Nusu ya pili inamlinda mtoto sasa hivi. Kama hali ni ya hasira na hawezi kuitamka nusu ya kwanza bila kuongeza moto, aiache. Malalamiko yana mahali pake: kesho, kwa maandishi, akiwa na mzazi na wakili. Kinachohitajika kutoka kwake usiku ule ni kumbukumbu: saa ngapi, wapi, askari wangapi, jina au namba iliyokuwa kwenye sare, gari lilikuwaje, walisema nini. Akifika nyumbani aandike au arekodi sauti yake kabla ya kulala.

Kuna neno ambalo lazima uwaambie darasa, na tafadhali usilipitie juu juu. Mtoto anaweza kufanya yote haya sawasawa na bado akaumizwa au akadhalilishwa. Likitokea hilo, kosa si lake. Masomo ya namna hii yana hatari moja kubwa: yanaweza kumwachia mtoto mawazo kwamba tabia ya askari ni jukumu lake yeye mtoto. Jimbo la Texas, Marekani, lilipopitisha sheria mwaka 2017 ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari namna ya kuenenda wanaposimamishwa na polisi, sheria hiyo hiyo iliagiza polisi nao wafundishwe. Kufundisha upande mmoja tu, tena ule mdogo na usio na silaha, kungekuwa nusu ya kazi.

Sasa mlango. Mlango ni pale maswali yanapotoka kwenye "wewe ni nani, unakwenda wapi" na kuingia kwenye "ulifanya nini, ulikuwa na nani". Au pale mtoto anapopelekwa kituoni. Hapo somo la kwanza, la kujibu, linakoma na la pili linaanza. Adabu inabaki, mikono wazi inabaki, lakini majibu yanasimama.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi wako wote wanisikilize, hasa wale wanaosema asiye na hatia hana cha kuogopa. Katika kazi yangu, mtoto asiye na hatia ndiye anayeongea zaidi. Anaamini kwamba akieleza vya kutosha ataeleweka. Anaongeza maelezo, anakisia pale asipokumbuka, anakubali maneno ya anayemhoji ili asionekane mbishi, na makisio yake yakipishana na ukweli yanaitwa uongo. Tena tumemlea hivyo sisi wenyewe. Tumemwambia tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha tunamweka mbele ya mkuu mwenye sare, mlango umefungwa, tunategemea apime lipi la kutii na lipi la kukataa. Ongeza uchovu, njaa, na ahadi kwamba akisema tu ndiyo ataachiliwa. Mtoto huwaza dakika ijayo. Ukimwuliza aliyekiri asilolitenda kwa nini alikiri, jibu ninalolisikia ni lile lile: nilitaka kwenda nyumbani.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa New York, mwaka 1989. Mwanamke alishambuliwa kikatili katika bustani ya Central Park, na vijana watano wa miaka 14 hadi 16 wakahojiwa kwa saa nyingi. Wanne wakakiri mbele ya kamera. Wote watano walihukumiwa. Mwaka 2002 mtu mwingine, aliyekuwa tayari gerezani kwa makosa mengine, alikiri kwamba ndiye aliyefanya, vinasaba vikathibitisha, na hukumu za wale vijana zikafutwa. Walikuwa wameshatumikia kati ya miaka sita na kumi na mitatu hivi. Na baadhi yao walikuwa na wazazi kituoni. Mmoja amesimulia hadharani kwamba baba yake mwenyewe ndiye aliyemwambia awaambie polisi wanachotaka kusikia, ili aende nyumbani. Baba yule alikuwa akimpenda mwanawe. Alikuwa na hofu ile ile ya mtoto, basi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema "mwite mzazi" halafu wakaishia hapo. Mzazi anatuliza, anashuhudia, anajua kama mtoto wake ni mgonjwa au haelewi. Lakini mzazi asiyeandaliwa anaweza kuwa mtu wa pili chumbani anayemsukuma mtoto akiri. Sentensi ya kumfundisha mtoto iwataje wote wawili:

"Naomba mzazi wangu na wakili wawepo. Sitajibu maswali mpaka wafike."

Ni fupi kwa makusudi. Waiseme kwa sauti, mmoja mmoja, huku mwenzao akiwabembeleza ("ni maswali mawili tu"), akiwatisha ("mwenzako ameshasema kila kitu") na akinyamaza muda mrefu. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko vyote. Watoto hukimbilia kuujaza ukimya. Waambie pia kwamba katika nchi nyingi anayehoji haruhusiwi kumpiga wala kumtisha mtoto, lakini si kila mahali amekatazwa kumdanganya. Illinois lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku kuwadanganya watoto katika mahojiano, na hilo ni la mwaka 2021 tu. Kwa hiyo "mwenzako ameshasema" huenda si kweli. Na hakuna karatasi ya kutia saini kabla mzazi na wakili hawajaisoma. Kama ameshasainishwa, amwambie mtu mzima mara tu anapotoka, asione aibu.

Je, hii ni jeuri? Mwoneshe mzazi anayehofu hilo igizo lenyewe. Mtoto amesimama wima, ametaja jina na umri, ameomba watu wake waitwe, amenyamaza. Jeuri iko wapi hapo? Na si jambo nililolibuni mimi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ulioridhiwa na karibu kila nchi duniani (Marekani ilitia saini mwaka 1995 lakini haijauridhia), unasema katika Kifungu cha 37 kwamba kumkamata na kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi iwezekanavyo, kwamba akifungwa atengwe na watu wazima waliofungwa isipokuwa pale ambapo maslahi yake yanataka vinginevyo, na kwamba apate msaada wa kisheria haraka. Kifungu cha 40 kinakataza mtoto kulazimishwa kutoa ushahidi au kukiri hatia.

Lakini namna haki hizo zinavyotekelezwa hutofautiana mno, na hapa lazima ufanye kazi ya nyumbani kabla ya kusimama mbele ya darasa. Uingereza peke yake ina majibu mawili kuhusu umri: England mtoto anaweza kushtakiwa kuanzia miaka 10, Scotland ni 12. Ujerumani ni 14, Tanzania ni 10, Kenya ni 12 tangu sheria yake ya watoto ya mwaka 2022. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba ilizihimiza nchi mwaka 2019 zisishuke chini ya 14. Kukaa kimya nako hakulingani. England, tangu mwaka 1994, mahakama inaweza kujiuliza kwa nini mshtakiwa hakulitaja mapema jambo analolitegemea katika utetezi wake, ndiyo maana pale wakili anahitajika kabla hata mtoto hajaamua kunyamaza. Kwa upande mwingine, huko huko England mtoto wa chini ya miaka 18 hahojiwi kituoni bila mtu mzima wa kumsimamia, ambaye hawezi kuwa askari, na California wakili lazima azungumze na mtoto kabla ya mahojiano.

Mtafute wakili wa watoto mahali ulipo umwulize mambo manne: mtoto anaanza kuwajibika kisheria akiwa na umri gani, nani lazima awepo anapohojiwa, je, analazimika kutaja jina na kuonesha kitambulisho, na anaweza kushikiliwa kwa muda gani kabla ya kufikishwa mahakamani. Majibu hayo ndiyo yatakayoingia kwenye kipindi chako. Usichukue video ya intaneti iliyotengenezwa kwa sheria za nchi nyingine ukawafundishia watoto wa kwako.

Kuhusu umri: wanafunzi wako wa miaka 11 hadi 13 wanatosheka na somo la barabarani na ile sentensi ya kuomba mzazi na wakili. Wa 14 na 15 waongezee simu (kutotoa neno la siri bila kushauriwa, kutoanza kurekodi kwa kuchomoa simu ghafla) na suala la kuwa katika kundi ambalo mmoja amefanya kosa. Wadogo zaidi, kama shule itataka kuwahusisha, wasipewe habari za mahojiano. Wao wajue jina lao kamili, namba ya simu ya mlezi kwa moyo, na kwamba wakipotea au wakiumizwa wanaweza kumwendea askari.

Hapo kwenye wadogo nina ombi kwa wazazi, na nitalisema wazi: acheni kuwatisha watoto kwa polisi. "Ukiendelea kulia nitamwita askari akuchukue." Linasemwa kwa mzaha, mtoto analihifadhi kwa dhati. Kisha siku anapopotea, anamwona askari anayemtafuta, naye mtoto anajificha.

Wape muda wa pekee watoto ambao mwili au lugha yao husomwa vibaya. Asiyesikia hatasimama akiamriwa kwa sauti kutoka nyuma. Mwenye usonji huenda asimtazame askari machoni, au akarudia maneno, na ikaonekana anaficha kitu. Mwenye kigugumizi huonekana anatunga. Kadi ndogo inayoeleza hali hiyo na namba ya mzazi inasaidia, mradi mtoto amefanya mazoezi ya kuitaja kabla ya kuitoa. Keti na wazazi wa watoto hawa mmoja mmoja kabla ya siku ya kipindi.

Afisa aje? Ndiyo, lakini asiwe peke yake. Akija peke yake, watoto watapata somo la kutii. Akija wakili peke yake, watapata somo la kujihami, na hawatasikia kutoka kwa askari mwenyewe kwamba mikono inayoonekana inamtuliza. Waweke wote wawili chumba kimoja, watofautiane mbele ya watoto kama watatofautiana, na wewe ubaki humo. Kubalianeni mapema na afisa kwamba haji na silaha darasani, hamwulizi mtoto yeyote habari za tukio lolote la kweli, na mtoto akianza kusimulia lililompata au alilolifanya, wewe utamkatiza kwa upole na kuzungumza naye baadaye. Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Watoto wakizoea mgeni huanza kusimulia.

Na siku polisi wanapokuja shuleni kumhoji mtoto? Kuna kesi ya Marekani ambayo kila mwalimu angefaa kuijua. Mvulana wa miaka 13, huko North Carolina, alitolewa darasani akapelekwa chumba cha mikutano cha shule, mlango ukafungwa, akahojiwa na polisi pamoja na viongozi wa shule kwa dakika 30 hadi 45 kuhusu wizi wa nyumba. Hakuambiwa anaweza kuondoka, bibi yake aliyekuwa mlezi hakuitwa. Kiongozi mmoja wa shule alimhimiza atende lililo sawa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, na mwaka 2011 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba umri wa mtoto lazima uzingatiwe wakati wa kupima kama alijiona yuko huru kuondoka. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara ninachokiona ni yule kiongozi wa shule. Alidhani anasaidia.

Basi wewe usiwe sehemu ya mahojiano. Pokea maafisa kwa heshima, chukua majina yao, kituo chao na sababu ya ujio, mjulishe mkuu wa shule, piga simu kwa mzazi pale pale, na uombe wasubiri afike. Wakikataa, andika kwamba uliomba na walikataa, na uombe kuwepo chumbani kama shahidi. Usimwambie mtoto "sema tu ukweli uyamalize". Usimwulize maswali kwa niaba ya polisi. Yako mazingira mawili ya tofauti: maisha ya mtu yakiwa hatarini dakika hiyo, na pale inaposhukiwa kwamba mzazi mwenyewe ndiye anayemwumiza mtoto. Katika hali hiyo ya pili mzazi hapigiwi simu. Anaitwa afisa wa ustawi wa watoto. Shule iandike utaratibu huu kwenye ukurasa mmoja kabla ya siku yenyewe kufika, kwa sababu siku hiyo mikono yako nayo itatetemeka.

Kipindi hakitoshi, na msaada wa ana kwa ana unahitajika mara moja, kama mtoto ameitwa kituoni, ameshtakiwa, simu yake imechukuliwa, au ametia saini chochote. Kama amepigwa au ameguswa vibaya, aende kwanza hospitali siku hiyo hiyo, majeraha yaandikwe na kupigwa picha, kisha wakili. Na kama baada ya tukio halali, haendi shule, anashtuka akiona sare, mpeleke kwa mshauri nasaha.

Kwa huyo mwanafunzi wako wa miaka 13: darasa zima linajua kilichompata, na utavutiwa kukitumia kama mfano kwa kuwa ni mfano mzuri mno. Usikitumie bila idhini. Mwite pembeni siku chache kabla, mweleze utakachofundisha, umwambie kwamba wengi wangekimbia. Kisha mwulize kama anataka kisa chake kitajwe, kisitajwe, au angependa siku hiyo awe maktaba. Akisema kisitajwe, basi hata ukiulizwa na darasa, hukitaji.